Plastiki ya kufunikia chakula: nichague ipi, na niitumie wapi?

Mpishi_wa_Jioni:
Nina maboksi mawili ya plastiki laini ya kufunikia chakula, ile nyembamba inayoviringishwa na kukatwa kwa meno ya boksi lake. Moja limeandikwa PVC, na plastiki yake hunata barabara kwenye ukingo wa bakuli. La pili limeandikwa poliethilini, na plastiki yake huachia baada ya muda mfupi hata nikiikaza. Ningependa kujua iwapo tofauti hiyo ina maana yoyote kwa usalama wa chakula, hasa jibini na nyama yenye mafuta, na iwapo mojawapo yaweza kuingizwa kwenye maikrowevu. Naomba majibu yenye sababu, kwa kuwa makatazo matupu nimeyasikia ya kutosha.

Fundi_Vifungashio:
Ndugu, tofauti ipo. PVC kwa asili yake ni plastiki ngumu, ile ile inayotengenezewa mabomba ya maji. Ili iweze kunyumbuka hivyo, huchanganywa na kemikali za kuilainisha, nazo huchangia huko kunata unakokusifu. Kwa kuwa kemikali hizo hazikufungamana kwa nguvu na plastiki yenyewe, zinaweza kuhamia kwenye chakula kidogo kidogo, na huhama kwa wingi zaidi pakiwapo mafuta, joto na muda mrefu wa kugusana. Jibini na nyama ya mafuta, basi, zifungie kwa poliethilini, ambayo ni laini yenyewe bila kuhitaji kulainishwa, isipokuwa kama boksi la PVC limeeleza wazi kwamba inafaa kwa vyakula vya mafuta. Sioni haja ya kuitupa hiyo PVC: kwa bakuli la matunda yaliyokatwa ambalo plastiki hailigusi tunda, haina neno.

Iliwahi kupendwa sana aina ya tatu, PVDC, iliyogunduliwa mwaka 1933 na Ralph Wiley katika maabara ya kampuni ya Dow Chemical na baadaye kuuzwa kwa jina la Saran. Hiyo huzuia hewa na harufu kuliko hizo mbili zako. Mwaka 2004 kampuni ya SC Johnson, iliyokuwa ikiimiliki chapa hiyo wakati huo, iliibadilisha ikawa ya poliethilini ili kuachana na plastiki yenye klorini. Wanaodai kwamba plastiki za zamani zilishika vizuri zaidi hawajidanganyi.

Bibi_Jiko:
Naongeza kuhusu maikrowevu. Tumia tu ile iliyoandikwa kwamba inafaa humo, nayo isiguse chakula. Acha nafasi ya takriban sentimita 2.5 kati yake na chakula, na uache pembe moja wazi ili mvuke utoke. Sababu ni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini mafuta na sukari hupita hapo kwa urahisi, ilhali poliethilini ya aina hii huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Unapofunua, anza na upande ulio mbali nawe, kwa maana mvuke huo huunguza vibaya. Kwenye oveni ya kawaida isiingie kabisa.

Chakula kilichotoka motoni kisifunikwe kikiwa bado kinafuka, kwa sababu mvuke hugeuka matone na kukirudia. Hata hivyo, kisikae nje zaidi ya saa 2 kwa kisingizio cha kupoa. Kigawe katika vyombo vya kina kifupi, kipungue joto, kisha kifunikwe na kuingizwa kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake.

Kuhusu kunata, kausha ukingo wa bakuli na uondoe mafuta yote, kisha vuta plastiki ikaze. Kwenye kioo na vyombo vilivyong'arishwa itashika. Kwenye mbao usisumbuke. Parachichi lililokatwa lifunike kwa kuibana plastiki juu ya nyama yake, maana ni hewa inayolifanya liwe jeusi, ilhali donge la unga linaloumuka huachiwa nafasi ya kupanda.

Mpishi_wa_Jioni:
Nashukuru sana, nimeelewa. Je, nyama ninayotaka kuiweka kwenye friza kwa miezi kadhaa inatosha kufungwa kwa plastiki hii peke yake?

Mhifadhi:
Haitoshi, ndugu yangu. Plastiki nyembamba kama hiyo hupitisha hewa na unyevu polepole, na baada ya wiki kadhaa utaona mabaka makavu ya kijivu juu ya nyama. Mabaka hayo hayadhuru mtu, lakini sehemu hiyo huwa ngumu na isiyo na ladha. Ibane plastiki ishikamane na nyama pasipo nafasi za hewa, kisha uifunge tena kwa foili au uitie katika mfuko mzito wa friza, na uandike tarehe.

Ningependa pia kusema kwamba kwa mabaki ya kila siku chombo chenye mfuniko kinashinda aina zote mbili, na hata sahani iliyogeuzwa juu ya bakuli hutosha kwa usiku mmoja. Kitunguu kilichokatwa ndicho mfano wangu wa kwanza, kwani harufu yake hupenya poliethilini na kuenea friji nzima. Plastiki hii ibaki kwa vitu visivyo na umbo la chombo. Iliyogusa nyama mbichi itupwe, isioshwe ili itumike tena, wala isichanganywe na chupa za kurejelezwa, kwa sababu hujisokota kwenye mashine za kuchambulia na kuzikwamisha.