Fundi ameinua Beetle ya marehemu mzee kwa macho, sasa gari ina matege na nimelipa 6,500

Wadau hamjambo. Naandika na hasira na sitaificha. Niko na Volkswagen Beetle 1300 ya 1970, ya marehemu baba, alikuwa mwalimu huko upande wa Mumias na hii gari ndiyo ilitubeba sisi watoto wote watano, sasa iko na mimi hapa Nakuru, Lanet. Miezi miwili iliyopita nikaona nyuma upande wa kushoto imelala kidogo, kitu kama sentimita 2 ukiiangalia ukiwa mbali, nikasema wacha ishughulikiwe kabla mvua ianze. Nikaipeleka garaji moja Industrial Area, jina sitaji, fundi ni mtu wa miaka mingi na watu humsifu kwa gari za zamani.

Nilimwambia neno moja tu: irudishe vile ilikuwa ikitoka kiwandani. Sikusema inua.

Kesho yake napigiwa simu eti gari iko tayari. Kufika hivi napata mkia umepanda juu, pua imeangalia chini, na tairi za nyuma zimesimama na matege kabisa, juu zimetanuka nje na chini zimeingia chini ya gari. Kuuliza nikaambiwa barabara zetu zinataka gari ikae juu, halafu usijali, itashuka yenyewe ikizoea. Nikalipa 6,500 ya kazi nikaondoka, kwa sababu siku hiyo sikuwa na la kumjibu. Leo niko nalo.

Jumamosi tukatoka na mama kwenda matanga Mumias. Kutoka Ngata tu usukani ukawa mwepesi vibaya, unaushika gari inaenda inapotaka, na tukipanda kwenda Mau Summit kila trela ikitupita upepo unatusukuma hadi nusu ya leni. Halafu kuna kona moja kabla ya Kericho, nikaachilia mafuta kidogo tu, nikasikia mkia unajiinua na kutaka kutupita. Nimeendesha hii gari miaka kumi na moja, haijawahi kunifanyia hivyo. Mama alishika kile kishikio cha kwa dashibodi na mikono yote miwili na hakukiachilia mpaka Kericho, na njia yote hakusema neno. Hapo Kericho nikaiacha kwa petroli stesheni tukamalizia safari na matatu. Mama ako na miaka 74. Hiyo ndiyo kitu inaniuma mpaka leo, si pesa.

Jumatatu nikarudi kuichukua nikaiteremsha polepole, 40 kwa saa, mpaka Kisumu kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza Volkswagen tangu wakati zilikuwa zimejaa barabarani. Hakugusa spana. Alianza kuniuliza fundi alipima vipi. Nikamwambia nilimuona na tepu, alipima kutoka chini mpaka kwa madigadi. Mzee akatikisa kichwa akaniuliza, na hiyo madigadi ya kushoto ni ya gari hii? Si ya hii. Boda ilitugonga 2009 tukanunua ingine, na madigadi za Beetle hufungwa tu na bolti, ukilegeza kidogo inapanda ama inashuka. Kumbe fundi alikuwa anapima madigadi, hakuwa anapima gari. Weka na upepo wa tairi, weka na tairi zenyewe kama moja imekwisha kuliko ingine, weka na tenki ya mafuta ambayo kwa Beetle iko mbele, ikijaa pua inashuka, hiyo tepu itakudanganya kila siku.

Sasa nisikizeni vizuri wale mko na hizi gari. Nyuma ya Beetle haina springi za kuviringika. Iko na toshoni baa, chuma kimelala ndani ya paipu kukatisha chini ya gari, kila upande chake, na kinabeba uzito kwa kusokotwa. Ncha ya ndani iko na meno 40, ncha ya nje yenye inaingia kwa pleti, ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya gurudumu, iko na meno 44. Piga hesabu mwenyewe: jino moja la ndani ni digrii 9, jino moja la nje ni digrii 8 na dakika 10 hivi. Ukizungusha ndani jino moja upande huu na nje jino moja kurudi upande ule, pleti imesonga dakika 50 peke yake, haifiki hata digrii moja. Meno yaliwekwa tofauti makusudi ndiyo uweze kurekebisha kidogo kidogo. Fundi wangu hakujua hiyo, ama alijua akaona uvivu. Alichomoa pleti, akarusha jino moja la nje pande zote mbili, akafunga. Kwa gari yangu hiyo jino moja ilikuwa karibu inchi 2. Mimi nilikuwa nataka sentimita 2, tena upande mmoja!

Na kupima ni hivi, mzee alinifanyia mbele ya macho yangu. Gari juu ya stendi, gurudumu halibebi kitu, shoksi imefunguliwa, pleti imetolewa kwa kile kizuizi cha chini inaning'inia bure. Hapo kwa kutoa pleti kaeni mbali na mtumie jeki na cheni, hicho chuma kimekazwa na kinaweza kuvunja mtu mguu. Unaweka kipimo cha digrii kwa kizingiti cha mlango kwanza, kwa sababu gari juu ya stendi huwa hailali sawa na sakafu ya garaji pia huwa hailali sawa, unaandika. Halafu unainua pleti na mkono kidogo imalize ulegevu, unaweka kipimo juu yake, unaandika. Tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu, na lazima kushoto na kulia zifanane. Mzee ako na kipimo cha zamani cha pimamaji lakini hata simu hufanya hiyo kazi. Digrii za gari yangu siziandiki hapa, kwa sababu najua kuna mtu atazichukua aziweke kwa gari ya mwaka mwingine yenye ekseli ingine. Tafuta kitabu cha modeli yako. Na kabla hujasema baa imechoka angalia bushi za hiyo pleti, zikikwisha gari hulala na baa bado ni nzima. Zangu za kushoto zilikuwa zimepondeka kama ndizi. Fundi alizirudisha hivyo hivyo.

Mnisamehe kwa urefu lakini bado.

Beetle zenye ekseli kama yangu, ukiinua mkia tairi zinapata matege kwa sababu ekseli inapinda karibu na gia boksi tu, na matege yakizidi, ukikata kona na kuachilia mafuta tairi inajikunja chini ya gari. Ndiyo ile kitu ilitupata kabla ya Kericho. Na ule wepesi wa usukani pia umetoka hapo hapo. Toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni sentimita 240, ukiinua nyuma sentimita 5 umeinamisha gari yote digrii 1 na kidogo, na hiyo imekatwa kwa kasta ya mbele, yaani ule mwinamo wa kurudi nyuma wa ekseli ya mbele, yenye ndiyo hufanya gari ishike njia. Nilipomlalamikia fundi kwa simu unajua alisema nini? Eti nirudishe, atakata bimu ya mbele, zile paipu zinazobeba magurudumu ya mbele, achomelee kitu ya kuinua pua ilingane na mkia. Bimu ya kiwandani! Mbele ya Beetle haikutengenezewa marekebisho, mabamba ya springi ndani ya bimu yamefungwa katikati na skrubu basi. Aharibu nyuma halafu aharibu na mbele ndiyo zilingane?

Na hii ndiyo ilinifanya nikakaa chini kabisa. Mzee alipochomoa baa akazipangusa na kitambaa akaniita nione kwa ncha. Ile ilikuwa kushoto imepigwa chapa R. Ya kulia imepigwa L. Hizi baa husokotwa kiwandani upande mmoja kabla zifungwe, ya kulia si ya kushoto, ukizibadilisha zinachoka na zinaweza kukatika. Na kwa ile ya L kuna alama ya tindo, mkwaruzo mrefu kama kucha yangu ya kidole gumba, umekula rangi mpaka chuma inang'aa. Mzee alipitisha kidole hapo mara mbili akaniambia hii hairudi ndani, ufa huanzia kwa mkwaruzo kama huu. Baa ya baba yangu, imekaa zaidi ya miaka 50 bila alama.

Fundi hashiki simu tena.

EDIT: Kuna mtu ameniambia inboksi eti hata Safari Rally Volkswagen zilikuwa zinaruka mawe, kwa hivyo nisilie. Ndiyo, Volkswagen ilishinda Safari 1954, 1957 na 1962, naijua hiyo historia, baba alitusimulia mpaka tukachoka. Unataka kuinua, inua, gari ni yako. Lakini pima digrii, pande zote mbili, na ujue umeinua ngapi. Kuinua bila kujua ndiyo nalalamikia.

EDIT 2: Gari bado iko Kisumu juu ya stendi. Bushi mpya nimepata. Natafuta toshoni baa ya nyuma ya KUSHOTO, ya 1300 yenye ekseli kama yangu, yenye chapa L kwa ncha, isiwe na mkwaruzo wala kutu ya kula. Ukiwa Kakamega, Eldoret, Busia, popote, nitakuja mwenyewe niiangalie kabla ya kulipa. Tuma picha ya ncha na ya urefu wake wote, si ya gari.