Sarafu ya Constantine imetoa unga wa kijani

Swali, Lamu: Assalamu alaikum. Nina sarafu ya shaba ya Kaizari Constantine wa Roma, yenye maandishi ya Kilatini SOLI INVICTO COMITI ("kwa Jua Lisiloshindwa, mwandani wake"), ambayo tangu masika yaanze imetokwa na unga wa kijani pembeni mwa shingo ya Kaizari. Je, niisugue kwa ndimu?

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nakusihi usiisugue, kwani ndimu italila lile gamba jeusi linalohifadhi maandishi. Unga huo huletwa na chumvi ya kloridi, na unyevu wa pwani yetu huuchochea. Iloweke katika maji yaliyokenekwa, uyabadilishe mara kwa mara, kisha uikaushe kabisa.

Jibu, Malindi: Tazama pia chini ya miguu ya mungu jua aliye upande wa pili wa sarafu, penye alama ya mji ilikofuliwa: PLN ni London, PTR ni Trier.