Tupeane uzoefu: Wenye biashara ndogo Mwanza na kando ya ziwa, nini hasa kilikutoa hapo ulipokuwa?

Kijana wa Mabatini (mleta mada):
Mwangaluka wadau. Kila nikisoma mijadala ya biashara majibu ni yaleyale: mtaji, nidhamu, kumtanguliza Mungu. Sawa, hakuna anayebisha. Mimi natafuta kile kitu kidogo ambacho mtu hawezi kukijua mpaka aingie kazini mwenyewe. Nauza spea za pikipiki hapa Mabatini. Biashara haifi, ila haikui. Wale mliotoka kwenye meza mkaingia fremu, mliotoka kwenye ndoo mkafika kwenye gunia, njooni mtuambie. Masharti ni mawili tu: iwe biashara yako mwenyewe, na iwe ya huku kwetu. Za Kariakoo zina nyuzi zake.

Mama Vichanja:
Salama mwanangu. Mimi ni mtu wa dagaa. Nilianza kununua kwa ndoo mwaloni Kayenze, pale mitumbwi inaposhusha samaki, naanika mchangani kama wengine, kisha napeleka Kirumba. Mchangani hakuna gharama, ndiyo maana watu wanapapenda. Ila siku moja simama pale Mwaloni Kirumba umtazame mnunuzi wa Kongo anavyokagua. Hachoti juu ya gunia. Anaingiza mkono mpaka katikati, anatoa konzi, anawasugua dagaa kwa viganja viwili, halafu anafungua mikono kuangalia kilichobaki. Kikibaki mchanga hagombani na mtu, anahamia gunia la jirani. Dagaa wako wataishia kwa watu wa chakula cha kuku, na bei itakuwa ya kuku.

Nikajenga vichanja. Miti, juu nyavu kuukuu, urefu wa kiunoni. Upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka wakiwa bado wanang'aa, na wingu likitanda unatupia turubai tu, hakuna kukimbizana na fagio.

Hapo sasa ndipo mwezi unapoingia. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi inalala, dagaa wanaadimika sokoni na bei inapanda. Wote tunalijua hilo, lakini aliyeanika mchangani hawezi kulitumia, kwa sababu dagaa wake ukimweka stoo anapata unyevu, ananuka. Wa kichanja anakaa. Kwa hiyo kila giza nikawa natenga gunia moja, lile lililokauka vizuri kuliko yote, naliuza wakati wa mbalamwezi. Baadaye yakawa mawili. Ndivyo nilivyotoka kwenye ndoo.

Kijana wa Mabatini:
Shikamoo mama. Hivyo vichanja ulijenga kwa mkopo?

Mama Vichanja:
Marahaba. Hapana, kimojakimoja. Nyavu kuukuu wavuvi wenyewe wananiuzia kwa bei ya kutupa. Kitu unachoweza kukijenga nusunusu usikikopee.

Pasiansi Kwetu:
Naweka kambi hapa. Mama umemaliza.

Dada wa Buzuruga:
Mimi ni mama lishe, karibu na stendi ya Buzuruga. Nisiwadanganye, kuna wenzangu wanapika vizuri kuliko mimi. Nilichowazidi ni muda. Konda na dereva wana zamu ya kupakia. Akikaa mezani ukamwambia "subiri kidogo, ugali unasongwa", huyo umeshamkosa, na kesho hapiti kwako. Nikaanza kuchukua namba za makonda. Haisi ikiwa bado Igoma napigiwa: vichwa viwili vya sangara, sato mmoja, ugali wote. Wakishuka, sahani ziko mezani zimefunikwa, maji ya kunawa yapo, wanalipa kwa simu, hakuna habari ya "chenji sina".

Jambo lingine ni bei. Samaki anapanda na kushuka kila siku, lakini bei ya sahani yangu haichezi. Kinachobadilika ni ukubwa wa kipande. Mteja wa kila siku anataka ajue anatoa shilingi ngapi kabla hajavuta kiti. Ukimwambia leo imeongezeka, anahisi umemvizia, hata kama ni kweli samaki wamepanda.

Mzee wa Daftari:
Nina duka la rejareja Nyakato. Vijana wengi hawaandiki mauzo kwa kuogopa kodi. Wanajiumiza. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000, na mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Piga hesabu: mauzo milioni 6, ziada ni milioni 2, kodi ni 60,000. Jirani yako wa mauzo hayohayo, asiye na daftari, analipa 100,000. Daftari lenyewe ni bei ya soda.

Lakini TRA, hao watu wa kodi, si sababu kubwa. Daftari lilinionyesha kwamba sukari, niliyokuwa naiona ndiyo roho ya duka, inatoka sana na hainiachii kitu. Vinavyoniachia ni vitu ambavyo nilikuwa nimevisukumia kona: betri, viberiti, nyembe, sindano na uzi, madaftari ya wanafunzi. Sukari sikuiacha, maana ndiyo inayomleta mteja mlangoni. Nikairudisha ndani kabisa ya duka, na vile vidogo nikavipanga pale mteja anaposimama kusubiri ipimwe. Anasubiri huku macho yanatembea. Mengine anamaliza mwenyewe.

Mbishi wa Igoma:
Simulizi tamu sana, ila mnaruka kitu. Mama anasema alitenga gunia. Mwenye ndoo moja, watoto wanne na kodi ya nyumba atenge nini? Mtaji ndio kila kitu, mengine ni mapambo.

Mama Vichanja:
Kijana umesema kweli, na sikukusudia kuficha. Mwenye ndoo moja hasubiri mbalamwezi, atalala njaa. Sisi wanawake wa mwaloni tulikuwa na mchezo, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu. Michezo mingi inapokezana kwa tarehe tu. Wa kwetu tuliupanga zamu ya kupokea iangukie kwenye giza, dagaa wakiwa wengi na bei iko chini. Anayepokea ananunua, anaanika, anaweka. Pesa ni ileile ambayo ingekuja wakati wowote, ila imekuja siku inapoweza kufanya kazi. Ingekuja wakati wa mbalamwezi ingeishia kwenye sare za shule.

Mbishi wa Igoma:
Hapo sasa mama, shikamoo. Hiyo ya kupanga mchezo kwa mwezi sijawahi kuisikia.

Geti Imara:
Mimi ni fundi wa kuchomelea, Ilemela. Kuhusu mtaji niongeze kidogo. Shida ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, siyo riba peke yake, ni ratiba. Rejesho ni kila wiki, wengine kila siku. Geti mimi nalipwa kwa mafungu: kianzio, kisha nangoja mwenye nyumba apate hela ya kumalizia. Nimeona mafundi wazuri wakiuza grainda ili walipe rejesho, halafu wanabaki na deni bila grainda. Kausha damu inamfaa anayeuza nyanya, anayeshika hela kila jioni, na hata huyo aikope kwa kujihesabu.

Sisi tulichukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Hauna riba. Ulisitishwa 2023, ukarudi 2024. Ila vikundi vingi vinazaliwa kwa ajili ya mkopo na vinakufa siku hela inapoingia. Sisi tulikuwa tunafanya kazi karakana moja kabla ya hapo, tunajuana nani mvivu na nani anaaminika na hela. Mweka hazina tukamchagua kwa kigezo hicho cha pili.

Spana Kumi na Nne:
Mleta mada, mimi ni fundi pikipiki, nipo palepale Mabatini. Nikuambie bila kukuficha kwa nini mafundi tunakupita? Maduka ya spea mengi hapo yanafungua saa mbili, wengine saa tatu. Bodaboda anaharibikiwa alfajiri akiwahi abiria. Mtu kebo ya klachi imekatika saa kumi na mbili asubuhi, hataki bei nzuri, anataka kebo. Tunavua spea kwenye pikipiki nyingine ili aondoke. Weka vitu vinavyokufa haraka: kebo, balbu, plagi, tyubu, breki shuu. Fungua mapema, uone. Na acha kutuuliza "ya bei gani?" Uliza ni pikipiki gani na ya mwaka gani.

Kijana wa Mabatini:
Mkuu umenivua nguo hadharani lakini ahsante. Nafungua saa mbili na nusu kweli.

Spana Kumi na Nne:
Najua. Huwa naona kufuli.

Binti Matobolwa:
Nauza matobolwa na michembe. Kwa wasio Wasukuma: vyote ni viazi vitamu, michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza. Bibi zetu waliviweka kwa ajili ya kiangazi. Mimi niliviuza kwenye beseni, mteja anapimiwa kwa kikombe, na kila mtu anaonja bure kwa mkono wake. Kilichonipandisha ni pakiti yenye jina, tarehe na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Msiogope. Mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapewa barua ya utambulisho, na TBS wanamhudumia bila malipo miaka 3 ya mwanzo. Kazi ni kurekebisha jiko na sehemu ya kuanikia mpaka wakaguzi waridhike. Huko ndiko hela inakokwenda, kwenye sakafu na wavu wa kuzuia nzi. Baada ya hapo duka kubwa linakusikiliza. Bila alama hata mlinzi hakupitishi.

Pasiansi Kwetu:
Dar unatuma? Mke wangu ni Msukuma, tangu tuhamie huku ananilaumu mimi kwa kukosekana matobolwa.

Binti Matobolwa:
Natuma kwa basi. Njoo kwa ujumbe, kaka.

Wa Kigongo Zamani:
Ya kwangu ni tofauti kidogo. Nilikuwa nauza pale Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, maji, soda. Foleni ndiyo iliyokuwa inatulisha. Lori likikwama pale, dereva na tingo wake lazima wale. Nguzo za daraja zilipoanza kuonekana majini, wenzangu wakawa wanasema halitaisha leo wala kesho. Mimi nikaanza kuwauliza madereva, mmojammoja, wakati wanakula: hapa pakiisha, mtakuwa mnasimama wapi? Karibu wote walitaja Usagara, pale barabara ya Sengerema na Geita inapokutana na ya Shinyanga. Nikapanga kibanda Usagara mapema, kodi ikiwa bado ya kibinadamu, mdogo wangu akakaa huko, mimi nikabaki kwenye foleni naandika namba za simu za madereva.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3, gari linakatiza ziwa bila kuzima injini. Foleni ikaisha. Waliokuja Usagara baada ya hapo walinikuta na meza, friji na wateja wanaoniita kwa jina. Sipingi daraja, mgonjwa wa Sengerema sasa anafika hospitali ya Bugando bila kusubiri kivuko. Nasema tu kwamba mteja ndiye aliyeniambia biashara inahamia wapi, na alinena huku mdomo umejaa samaki wangu.

Mbishi wa Igoma:
Kodi ya Usagara sasa hivi ikoje mkuu? Nauliza tu.

Wa Kigongo Zamani:
Imepanda, wote wamepaona. Mwenye kibanda keshaanza kunizungukazunguka na salamu nyingi. Mkataba wetu ni wa maandishi, wa muda mrefu, na tulisaini mbele ya mtendaji, kwa hiyo ananisalimia tu.