MREJESHO: Mashine ya kukatia majani haitoi moto kwenye plagi
Wakuu, narudi kuhusu ile mashine kuukuu ya kukatia majani, ile ya kuendesha umekaa, injini inazunguka vizuri ila plagi haitoi moto (cheche). Plagi mpya nilinunua Gerezani kama mlivyosema, haikubadilisha kitu. Kilichosaidia ni kuchomoa ule waya mwembamba wa kuzimia injini unaoingia kwenye koili (kile kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi), aisee cheche ikaja ya bluu kabisa! Nikaufuata mpaka chini ya siti nikakuta ganda limelika, shaba inagusa bodi ya chuma, ndiyo maana moto ulikuwa unakatika, nikaukata kipande nikaunga na kufunga tepu nyeusi. Sumaku za flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini) zilikuwa na kutu (hewa ya bahari huku Kigamboni haiachi chuma) nikapiga msasa, halafu koili nikairudisha nimeweka kadi ngumu katikati kupata ile nafasi ndogo kati yake na sumaku. Sasa inawaka fasta. Ila ikifanya kazi ikapata joto inazima na cheche inapotea mpaka ipoe, kwa hiyo koili nayo inaelekea kufa, natafuta nyingine. Asanteni sana, hasa mliosisitiza waya urudishwe baada ya kupima, bila huo mashine haizimiki kwa ufunguo wala ukinyanyuka kwenye siti na visu vinazunguka.