Barua pepe ya mhasibu wa Sacco imeingiliwa: saa 72 zinahesabiwa tangu lini?

mizani_sacco

Salaam jamani. Naomba msaada wa haraka kwa wanaoijua sheria ya data ya Kenya, na mafundi pia.

Ni Sacco (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi, Mombasa. Wanachama kama 1,900, waajiriwa 14, barua pepe ziko Microsoft 365. Jumatatu saa 3 asubuhi wanachama wawili walipiga simu kuuliza mbona mhasibu amewaandikia walipe mikopo kwenye akaunti mpya ya benki. Mhasibu hakuandika kitu. Fundi wa mkataba akabadilisha nenosiri, akasema yamekwisha. Ndani ya kisanduku hicho mna faili za Excel za kila mwezi: majina, nambari za vitambulisho, simu, mishahara, akiba, salio la mikopo.

Sasa ni Jumanne jioni. Mwenyekiti anataka tungoje fundi amalize uchunguzi, kama wiki mbili, kwa hoja kwamba hatujui kama faili zilichukuliwa. Tena hatujawahi kujisajili kwa Kamishna wa Data, na yeye anaona kuripoti ni kujipeleka polisi wenyewe. Je, zile saa 72 za kumjulisha Kamishna zinaanza fundi akimaliza, au zimeshaanza? Na kubadilisha nenosiri kunatosha?

kifungu_kwa_kifungu

Zimeshaanza. Zilianza Jumatatu saa 3 asubuhi na zinakwisha Alhamisi saa 3 asubuhi. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinahesabu tangu mlipojua kuwa kuna uvunjaji. Uchunguzi ukikamilika au usikamilike, saa zinakwenda.

Hoja ya mwenyekiti haisimami. Sheria inasema data "imefikiwa au kuchukuliwa" na asiyeruhusiwa, na pawe na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenye data. Aliyeweza kutuma barua kutoka ndani ya kisanduku alikuwa na njia ya kuzifikia faili zilizomo. Kuhusu hatari, Kanuni za Jumla za 2021 zimewapunguzia kazi: jina kamili au nambari ya kitambulisho, vikiambatana na mambo kama mshahara, amana au deni, vinahesabiwa moja kwa moja kuwa hatari ya kweli. Faili za Sacco ni hayo matupu.

Kifungu hicho cha 43 kinaruhusu taarifa itolewe kwa awamu. Kwa hiyo kesho mnampelekea Kamishna mnachokijua: aina ya tukio, data gani zimo, hatua mlizochukua, mnachowashauri wanachama wafanye ili kujikinga, na jina na mawasiliano ya mtu mmoja wa kujibu maswali. Idadi kamili na chanzo vitafuata. Mkichelewa kupita saa 72 mnatakiwa kueleza sababu, na "mwenyekiti alitaka tungoje" si sababu ya kuandika kwenye barua.

Kuna saa nyingine ambayo wengi huisahau. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 40, inataka Kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya uhalifu wa mtandao, ile iitwayo NC4, ijulishwe ndani ya saa 24, na hizo zinahesabiwa tangu shambulio lenyewe. Asiyeripoti anaweza kutozwa hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Hizo zimeshawapita. Ripotini usiku huu, na muandike saa mliyojua na saa mliyoripoti bila kupamba.

nyaya_na_moto

Nenosiri jipya halimtoi mtu ambaye tayari yumo ndani. Kivinjari chake kina tokeni ya kikao, yaani kibali kinachotolewa mtu akishaingia, na mwenye tokeni hiyo haulizwi nenosiri tena. Inavyoelekea mhasibu alibofya kiungo kikampeleka kwenye ukurasa bandia unaopitisha kila kitu hadi Microsoft halisi: nenosiri, msimbo wa SMS, vyote. Mdukuzi anabaki na kikao kilichokwisha kuthibitishwa. Ndiyo maana "lakini tuna uthibitishaji wa hatua mbili" haiwasaidii hapa.

Anzeni kwa kufuta vikao vyote vya akaunti hiyo kwenye kituo cha usimamizi, halafu mbadilishe nenosiri tena. Tokeni iliyokwisha kutolewa huweza kuishi saa moja hadi moja na nusu, basi msitangaze ushindi papo hapo. Kisha tazameni njia za uthibitishaji zilizosajiliwa kwenye akaunti. Mara nyingi mdukuzi huongeza simu yake mwenyewe kama njia ya pili, na hapo hata mkibadilisha nenosiri mara kumi atarudi kwa mlango wa mbele. Tazameni pia programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Ruhusa hiyo huendelea kuishi baada ya nenosiri kufa.

Halafu kanuni za kisanduku, yaani amri zinazopanga barua zenyewe. Piga picha ya skrini kabla ya kufuta chochote. Kanuni ya kawaida ya wadukuzi huitwa nukta moja tu, ".", na kazi yake ni kuhamisha majibu yenye neno "malipo" au "akaunti" kwenye folda ya RSS ambayo hakuna anayeifungua, ili mhasibu asione wanachama wakiuliza. Nyingine hazionekani kwenye Outlook kabisa. Zitafute kwa PowerShell (dirisha la kuandika amri), amri ya Get-InboxRule ikiwa na -IncludeHidden. Usambazaji wa barua kwenda nje huwekwa pia kwenye kisanduku chenyewe, mbali na kanuni, kwa hiyo kagua sehemu zote mbili.

Kumbukumbu zinataka haraka kuliko yote hayo. Kama leseni yenu haina Entra ID P1 (daraja la kulipia la mfumo wa Microsoft wa akaunti na kuingia), kumbukumbu za kuingia hukaa siku 7 kisha hujifuta. Ukiwa na P1 ni siku 30. Zile wiki mbili za kungoja zingefuta ushahidi wenyewe! Pakueni usiku huu kumbukumbu za kuingia za mhasibu na za wasimamizi wote, kumbukumbu za ukaguzi za Purview, zana ya Microsoft inayoandika nani alifanya nini (siku 180 kwa leseni ya kawaida), na ufuatiliaji wa ujumbe wa siku 90. Kila faili ipigiwe alama ya SHA-256 (msimbo unaobadilika faili ikiguswa), na iandikwe nani aliipakua na saa ngapi.

Kompyuta ya mhasibu ichomolewe mtandaoni, iwekwe kando. Isifanyiwe fomati. Najua fundi anatamani.

pwani_tech

Sipingi kuripoti, ila mimi ningengoja hadi Jumatano jioni angalau kujua barua zipi zilifunguliwa. Ripoti ya mwanzo ikisema wanachama 1,900 kisha ikageuka 40, mmejipaka matope bure, na magazeti hayasomi ripoti ya pili.

kifungu_kwa_kifungu

Kwa Kamishna, ngoja hadi Jumatano jioni ukitaka, bado mko ndani ya muda. Kwa NC4 hakuna cha kungoja. Na kwenye ripoti usiandike 1,900 kama idadi ya walioathirika. Andika "faili zenye taarifa za wanachama wapatao 1,900 zilikuwamo kisandukuni, zilizofikiwa zinachunguzwa." Hiyo haitageuka kuwa uongo kesho.

nyaya_na_moto

Barua zilizofunguliwa zinaweza kujulikana, mradi leseni yenu iwe inaandika tukio liitwalo MailItemsAccessed. Litafuteni kwenye Purview, kisha linganisheni anwani za IP na vitambulisho vya vikao vya mdukuzi. Angalieni aina ya ufikiaji. Ikiwa ni Bind, kila barua iliyofunguliwa imeandikwa na kitambulisho chake, na hapo mnaweza kusema "barua 40" kwa kinywa kipana. Ikiwa ni Sync, alivuta folda nzima kwa programu ya barua, na mnapaswa kuchukulia kuwa kila kilichokuwa ndani ya folda hiyo amekichukua.

mizani_sacco

Shukran sana. Kanuni ya nukta ipo kweli, inapeleka majibu RSS. Kuna pia nambari ya simu tusiyoijua kwenye njia za uthibitishaji, na Purview inaonyesha Sync kwenye folda ya zilizotumwa, ambamo zimo faili za miezi 11. Tumesharipoti NC4. Swali lililobaki ni usajili, na tuwaambieje wanachama.

kifungu_kwa_kifungu

Basi hesabuni wote 1,900.

Usajili: msamaha ni kwa wenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na waajiriwa chini ya 10, na hata hao hawasamehewi wakiwa kwenye shughuli zilizotajwa na kanuni, zikiwemo huduma za fedha. Nyinyi mnakosa kwa pande zote mbili. Ada ni kati ya 4,000 na 40,000 kufuatana na idadi ya waajiriwa na mapato, na cheti hudumu miezi 24. Anzeni maombi kesho, lakini msiyafanye kuwa sharti la kuripoti. Msiandike tarehe ya nyuma popote, wala msijifanye kuwa mlikuwa mmesajiliwa.

Hofu ya mwenyekiti naielewa. Faini ya kiutawala ina kikomo cha shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Katika kuipima, Kamishna huangalia jinsi kosa lilivyomfikia, kama mhusika mwenyewe alitoa taarifa, na ushirikiano wake. Wanachama wawili wameshajua. Mmoja wao akilalamika kabla yenu, mtakuwa mmekosa usajili na mmenyamaza. Na kifungu cha 65 kinampa mwanachama haki ya fidia, hata kwa usumbufu wa moyo pekee.

bi_taratibu

Kuhusu wanachama: sheria inataka maandishi, katika muda unaowezekana. Msitumie barua pepe ya mhasibu. Nani ataiamini sasa? Pelekeni SMS fupi leo, barua kamili iifuate. SMS isizidi herufi 160 isije ikakatika vipande viwili, cha pili kikafika mbele ya cha kwanza. Mfano:

"Akaunti ya Sacco ya kulipia HAIJABADILIKA. Usilipe kwingine hata ukiandikiwa na mhasibu. Barua pepe yake iliingiliwa. Maelezo kamili yanakuja kwa barua."

Msiweke kiungo chochote ndani yake. Barua yenyewe itaje wazi data zilizokuwamo, pamoja na mshahara na deni, maana hapo ndipo hatari ya pili ilipo: tapeli atapiga simu, ataje salio la mkopo hadi shilingi ya mwisho, kisha aombe PIN. Mwanachama akishajua kwamba salio lake liko mikononi mwa watu, hatashangaa kulisikia kwa mgeni. Waambieni wakate simu, wapige ofisini kwa nambari wanayoijua tangu zamani. Na wawekeni watu wawili wa kupokea simu, maana 1,900 watapiga asubuhi moja.

Benki yenye ile akaunti mpya ijulishwe kwa barua usiku huu, na nakala iende DCI. Fedha zilizokwisha kuingia huondoka kwa saa, si kwa siku.

nyaya_na_moto

Nyongeza moja juu ya fundi wa mkataba. Kama kampuni yake ndiyo inayoendesha mifumo yenu, ni mchakataji wa data, yaani anayeshughulikia data kwa niaba yenu, na sheria inampa saa 48 kuwajulisha nyinyi akigundua jambo. Fungueni mkataba muone kama kipengele hicho kimo. Halafu muulizeni anaingiaje kwenye akaunti yake ya usimamizi. Ikiwa ni kwa SMS, akaunti hiyo iwe ya kwanza kupewa ufunguo wa USB wa FIDO2 (kifaa kidogo cha kuthibitisha anayeingia), kabla hata ya mhasibu. Ufunguo huo hufungwa kwa anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia haupati kitu.