Kuungua na jua: L55 au L56? Wa madai na kumbukumbu za tiba, naomba msaada

BintiMnazi:
Habari za jioni wadau. Niko dawati la madai, kituo kimoja cha afya huku Lindi. Dokta wetu ni mtu mzuri ila kalamu yake ina haraka. Anaandika "mzio wa jua", basi, msimbo nitautafuta mwenyewe kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa.

Sasa nina kadi ya kijana wa kwenye mashamba ya chumvi. Nilimwona akiwa benchi. Uso umekolea weusi unaong'aa, mikono ina malengelenge kuanzia pale mkono wa fulana ulipoishia, mstari umenyooka kabisa. Chini ya kidevu na nyuma ya masikio ngozi iko salama. Alikuwa anazitazama kucha zake kila saa, anasema zinamuuma. Nageuza kadi, ukurasa wa nyuma ameandikiwa doksi, yaani doxycycline, dawa ya kuua bakteria, kwa shida nyingine kabisa, na bado anaitumia.

Mwenzangu anasema weka L55.9, kuungua na jua, twende, foleni hiyo. Mimi nasita. Huyu kijana chumvi ameianza utotoni, jua la pale analijua, mbona hakuwahi kuungua hivi? Na bima wetu siku hizi wakiona ugonjwa haulingani na dawa wanarudisha fomu bila salamu. Nisaidieni.

MmachingaHalisi:
Dada weka L98.9, ugonjwa wa ngozi usiotajwa, ukalale. Nani anasoma?

BintiMnazi:
Wanaorudisha fomu ndio wanaosoma, kaka. Na wewe si ndiye unayepiga kelele mshahara ukichelewa?

TabibuMasasi:
Binti, mwenzako mwache na foleni yake. L55 na L56 zote ziko sura ya 12 ya ICD-10, ile ya ngozi, zimekaa jirani ndiyo maana zinachanganywa. L55 ni jua peke yake. Mtu yeyote akikaa juani kupita uwezo wa ngozi yake ataungua, na msimbo unafuata kina: .0 ngozi imewiva bila malengelenge, .1 malengelenge yametoka, .2 imeungua hadi ndani. Ile .9 ya mwenzako maana yake dokta hakusema daraja, wakati malengelenge mmeyaona wote.

L56 ni mabadiliko mengine ya ghafla yanayoletwa na mionzi ya urujuanimno. Hapo jua lina mwenzake, au mwili wenyewe unalikataa. Doksi ni mshirika wa jua anayejulikana sana. Dawa ikiwa mwilini, mionzi ambayo jana ngozi iliivumilia leo inaiunguza. Hiyo ni L56.0, sumu ya dawa na mwanga. Inaweza kumpata yeyote, hata aliyemeza kwa mara ya kwanza, na inatokea ndani ya saa chache, pale tu jua lilipopiga. Ndiyo maana kidevu kwa chini kimepona. Na kucha alizokuwa anazitazama, doksi na jua vinaweza kuzifanya ziachane na nyama. Umeona vizuri kuliko wengi wenye koti jeupe.

Usichanganye na L56.1, ambao ni mzio wenyewe. Huo unataka mwili uwe umeshaizoea dawa na kuichukia, unachelewa siku moja hadi tatu, unawasha mno, na unaweza kusambaa mpaka kwenye ngozi iliyofunikwa na nguo. Dokta wenu akiandika "mzio wa jua" anakusukuma kwenye .1 wakati maelezo yako yananipeleka .0.

Lakini sikia: usiibadilishe wewe. Mimi nakisia kwa simulizi, wewe unakisia kwa kadi, na mgonjwa ni wake yeye. Mrudishie kadi umuulize mawili tu: lilianza saa ngapi baada ya jua, na doksi aliianza lini? Aandike kwa mkono wake, ndipo wewe uweke msimbo. Na umkumbushe aamue kuhusu hiyo doksi, maana kijana kesho anarudi kwenye chumvi, na pale jua linampiga toka juu na toka chini.

MasjalaMtwara:
Naongezea la masjala. Kwa L56.0 weka na msimbo wa dawa kutoka sura ya 20: Y40.4 ndiyo kundi la dawa za tetrasaiklini, na doksi imo humo. Jua lenyewe ni X32. Ukitafuta mtandaoni utakutana na X32.XXXA, achana nayo, hilo ni toleo la Marekani, ICD-10-CM, wanalitumia tangu Oktoba 2015. Kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani tarakimu ya nne ni mahali, kwa mfano X32.7 ni shambani. Kama mfumo wenu unapokea msimbo mmoja tu, basi wa ugonjwa utangulie.

Akija mwenye ualbino ameungua, kuungua ni L55 kwa daraja lake, na ualbino E70.3 uandikwe pembeni. Wengi wanaandika mmoja wanasahau wa pili, halafu tunashangaa losheni ya kukinga jua inaulizwa ni ya nini.

BintiMnazi:
Asanteni sana. Nimempelekea dokta kadi, kwanza alininunia, halafu akamwita kijana upya. Malengelenge yalianza jioni ile ile ya siku aliyoshinda kwenye majaruba. Dokta ameandika sumu ya dawa na mwanga, na doksi amembadilishia. L56.0 na Y40.4, fomu imeondoka.

Ila mmenifungua macho, sasa nawaza wale mama zetu wa korosho. Wanakuja viganja vimeungua, ngozi inabanduka, na dokta anaandika jua vilevile.

TabibuMasasi:
Hapo jua linasingiziwa. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanachoma ngozi hata usiku wa manane. Hiyo ni L24.7, ngozi kuunguzwa na mmea, au L23.7 ikiwa mwili umeshajenga mzio. Tazama mahali: jua huanza na uso, shingo na mgongo wa mkono, mafuta ya korosho huanza na ncha za vidole na viganja, halafu yanafika usoni kwa sababu mama alijifuta jasho. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho nako wanakuja macho mekundu na shingo inawasha, hiyo nayo ni kemikali.

Kabla dokta hajaandika jua, mama aulizwe alikuwa anabangua au anaokota tu.