Gredi ya 4 niwapeleke wapi hapa Lamu?

Mwalimu wa Langoni: Jamani naomba ushauri, nina watoto 38 wameshachoka na ubao, nataka waguse vitu kwa mikono yao ila wazazi hawana hela za safari ndefu.

Mama Fatu: Matondoni mwalimu, kile kijiji cha mafundi wa majahazi! Wangu alienda, fundi akampa nyundo na patasi akalafati jahazi, yani anasokota pamba anaipenyeza kwenye nyufa za mbao, karudi mikono inanuka mafuta na hadi leo anauliza lile jahazi limeshashushwa majini.

Baharia: Hata Takwa kule kisiwa cha Manda, magofu ya mji wa kale, mazuri sana. Ila mwende maji yakijaa, yakitoka mtakwama kwenye mikoko. Na kila mtoto avae laifu jaketi, hapo usikubali kubembelezwa.